Nilivyofua mashati yangu meupe mpaka mke wangu akaitwa mchawi

Wakuu, salaam kwenu, na wakubwa wote mliomo humu shikamooni.

Juzi kuna mwenzetu alifungua uzi akiuliza afanye nini ili mashati yake meupe yabaki kama mapya. Nimesoma majibu yenu yote. Mmemjaza mambo ya jiki, mmemwambia achemshe kama mihogo, na mmoja akamwambia asugue kwa dawa ya meno. Nilicheka peke yangu, ila kicheko chenyewe hakikuwa cha furaha.

Mimi kufua shati jeupe najua. Sisemi kwa kujisifu, nasema kwa uchungu, maana kujua huko ndiko kulikonivunjia nyumba.

Kwa hiyo namjibu yule mwenzetu, na namjibu pamoja na yaliyonipata. Sijaongeza chumvi popote. Nimebadilisha majina tu, kwa sababu mama yangu yuko hai na bado namheshimu.

Uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite, sina ugomvi naye.

Mimi ni mtoto wa Tandika, kwetu ni Waswahili wa hapa hapa mjini. Ila sekondari nilipelekwa bweni, bara huko. Sare ilikuwa shati jeupe. Kila Jumatatu mwalimu wa zamu anapita kwenye paredi na fimbo, anakuinua kola kwa ncha ya fimbo mbele ya shule nzima, wasichana wakiwemo. Ikiwa na mstari wa jasho unatolewa mbele.

Nilitolewa mara moja. Nikaapa haitatokea tena, na haikutokea.

Pale bweni ndipo nilipojua kwamba shati jeupe haliharibiwi na uchafu, linaharibiwa na uvivu. Usilaze jasho. Shati ulilolivaa leo lifue leo, hata kama umechoka vipi. Jasho likilala kwenye kola siku mbili tatu linageuka kuwa mafuta, na hapo utasugua mpaka kitambaa kichanike.

Kola, kwapa na pindo za mikono vinaanza kivyake. Lowesha, paka sabuni ya mche, acha kidogo inywe, kisha sugua kwa mswaki uliozeeka. Siyo brashi ya kufulia jinzi. Hiyo inatoa manyoya, na manyoya ndiyo yanayodaka vumbi.

Tutarudi kwenye mambo ya maji, maana mchawi wa kwanza wa shati jeupe Dar ni maji.

Nikamaliza shule, nikahangaika, mwisho nikapata kazi ya udereva. Namwendesha mkurugenzi wa kampuni moja binafsi. Siku ya kwanza aliniambia kitu kimoja tu, kwamba gari likisimama mtu wa kwanza kuonekana ni dereva, kwa hiyo yeye hataki kuona shati lenye mawazo. Shati jeupe, suruali nyeusi, kila siku ya Mungu.

Nikasema hapa nimefika kwetu.

Kipindi hicho ndipo nilipomuoa Mwanahawa. Ni mtu wa Tanga, fundi cherehani, mpole, maneno yake machache na kila neno lina kazi yake. Tukapanga vyumba viwili Goba, nyumba ya uani yenye wapangaji kadhaa, kamba ya kuanikia moja kwa wote. Cherehani yake ikakaa barazani, na wateja wakaanza kuja mmoja mmoja.

Wiki ya kwanza ya ndoa alinifulia mashati. Kwa moyo safi kabisa. Akatumia maji ya kisima cha mwenye nyumba, akatia jiki ya kutosha, akayaanika juani mchana kutwa. Nikarudi jioni nikakuta mashati yangu yana rangi ya chai ya maziwa.

Sikumgombeza. Nilimwambia, "Mke wangu, haya niachie mimi."

Akasema, "Watu watasemaje?"

Nikasema, "Waseme, si mashati yangu?"

Wakuu, lishikeni hilo jibu langu. Nitalirudia huko mbele.

Sasa hilo la maji. Visima vyetu vingi huku pembezoni vina chumvi na kutu, na kutu ikikutana na jiki shati linakuwa la njano, na njano hiyo haitoki hata ufanyeje. Ukiongeza jiki ndiyo unaikaribisha zaidi. Mimi nilikuwa nakinga maji ya mvua kwenye pipa, na kiangazi nabeba dumu la maji ya bomba kutoka kazini hadi Goba. Ile milima mnaijua.

Suuza mpaka maji yawe meupe kabisa. Sabuni ikibaki kwenye kitambaa, pasi inaiunguza na shati linaota ukungu wa njano. Wengi wanakosea hapo, halafu wanasema shati lilikuwa feki.

Suuzo la mwisho ni bluu. Bluu ya kufulia, ile ya unga. Vijana wa sasa hamuijui, lakini waulizeni mama zenu. Usiumwage unga kwenye ndoo, utapata michirizi. Weka kidogo kwenye kitambaa, funga fundo, lichovye kwenye maji na kulikamua mpaka maji yawe na rangi ya mbali tu. Shati liingie na kutoka. Lile fundo unalihifadhi kwa kufulia tena.

Lile fundo, wakuu. Mimi nilikuwa nalo moja, la kitambaa cheupe, limefungwa kwa uzi mweusi wa cherehani. Lilikaa kwenye ndoo yangu ndogo pamoja na mswaki, ndimu na chumvi. Ndimu na chumvi ni za madoa ya kutu, unakamua juu ya doa na kuliacha juani.

Shati ligeuze ndani nje, lianike kwa kulibana chini kwenye pindo, siyo mabegani, na liwe kivulini penye upepo. Lipige pasi lingali na unyevunyevu. Ukimaliza litundike, usilifunike kwa nailoni.

Basi. Hiyo ndiyo siri yote. Kama ulikuja kwa ajili ya mashati, unaweza kuishia hapa na Mungu akubariki.

Waliobaki tuendelee.

Kila jioni nikitoka kazini nilikuwa nakaa uani kwenye kigoda, beseni mbele yangu, nafua shati langu. Mwanahawa yuko barazani anashona. Mimi nilikuwa naona ni picha nzuri, watu wawili kila mmoja na kazi yake.

Naye alikuwa na mkono wake kwenye yale mashati. Kola ikianza kuchakaa pale inapokunjika, alikuwa anaifumua yote, anaigeuza upande wa ndani uwe wa nje na kuishona upya. Kola inageuzwa mara moja tu maishani mwake, lakini ikigeuzwa na fundi unapata shati jipya. Kanvasi zilizolegea, kile kitambaa kigumu cha ndani ya kola, alikuwa anaziweka kwenye kopo lake azitumie kama ramani ya kukatia nyingine.

Jirani yetu Mama Jeni ndiye aliyeanza. Mwanzoni ilikuwa utani. Nikipita na beseni anaguna, "Mh, wengine tumeolewa, wengine wameoa!" Wenzake wanacheka. Mimi nacheka pia. Nilidhani ni utani wa uani, unaisha na jua likizama.

Mwanahawa hakucheka. Jioni moja aliniambia, "Mume wangu, si ufulie bafuni? Mlango upo."

Nikamwambia bafuni hakuna mwanga, doa nitalionaje. Na kwamba siwezi kujificha kama mwizi nikifua kilicho changu. Akaendelea kushona.

Halafu siku moja mama yangu akaja kututembelea bila taarifa, na vitumbua vyake kwenye bakuli. Akanikuta nimejaa mapovu mpaka kwenye viwiko.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akaniangalia mikono, akamwangalia Mwanahawa kule kwenye cherehani, akarudi kuniangalia mikono. "Tangu lini haya?"

"Tangu shule, mama."

"Shule ulikuwa huna mke."

Mwanahawa alishainuka kumpokea, akamtandikia mkeka, akaleta chai. Mama hakuigusa ile chai. Alisema tumbo linamsumbua. Mimi nikaamini ni tumbo.

Kumbe siku hiyo hiyo alipitia Segerea kwa dada yangu Zuhura, na huko ndiko kesi ilikofunguliwa.

Kwa wasio wa pwani niwaeleze kidogo. Kuna kitu kinaitwa limbwata. Ni dawa ambayo mwanamke anasingiziwa kumlisha mumewe ili awe zuzu, atumwe na atii. Na mwanamume akionekana anafua na mkewe amekaa, hakuna haja ya shahidi mwingine. Ukiongeza kwamba mke mwenyewe ni wa Tanga, basi hukumu ishasomwa. Tunawataniaga Watanga kwa hilo mpaka tumesahau kwamba ni utani.

Kuanzia hapo kila nilichofanya kikawa dalili.

Nilikuwa nawahi kurudi nyumbani ili shati lipate upepo wa jioni. Wakasema naitwa na dawa, sikai tena na wenzangu kijiweni. Kwenye harusi ya binamu yetu nilikataa pilau la kula kwa mkono kwa sababu nilivaa nyeupe na nilitoka hapo kwenda kazini. Wakasema sili tena chakula cha ndugu. Shangazi alitaka kunikumbatia na poda yake imejaa shingoni, nikampa mkono. Wakasema nimefundishwa kuchukia damu yangu.

Zuhura alinipigia simu akilia kweli kweli. "Mdogo wangu, hivi we hujioni? Baba alikuwaga hata glasi hainui, we leo unafua!"

Nikamwambia, "Dada, nafua mashati yangu tu."

"Ndo anavyokufanya useme."

Jamani, ukishaambiwa hivyo utajibu nini? Kila neno unalotoa ni la mchawi. Ukikaa kimya, umefungwa mdomo. Sijawahi kuona shimo la aina hiyo, na ndugu zangu ndio waliolichimba, tena kwa mapenzi.

Jumamosi moja asubuhi wakaja, mama, Zuhura, na mzee mmoja wa kanzu ambaye niliambiwa ni ndugu wa mbali wa mama, amekuja kuona tunapoishi. Mwanahawa akamwamkia, akampa kiti. Mzee hakukaa. Alisimama katikati ya chumba akinusa hewa, na mimi ndipo nikaelewa ni ndugu wa aina gani.

Zuhura alikuwa anajua anachotafuta. Akainama chini ya meza ya cherehani, ambayo usiku tulikuwa tunaiingiza ndani, akavuta ndoo yangu ndogo.

Akatoa ndimu. Akatoa chumvi kwenye karatasi. Kisha akatoa lile fundo, kitambaa cheupe, uzi mweusi, na bluu imevuja nje kama damu ya kitu nisichokijua. Nakubali, ukilitazama kwa macho yao lilikuwa linatisha.

"Mama, ona! Si nilikwambia?"

Halafu akafungua kopo la Mwanahawa. Ndani mna kanvasi za kola zangu, zimepangwa vizuri, zina alama ya jasho la shingo yangu miaka hiyo yote.

 

Mzee akalichukua fundo kwa ncha za vidole. "Hili limekaa muda," akasema. "Na huku kuna jasho lake. Kazi ya mtu anayejua."

Nikasema, "Mzee, hiyo ni bluu ya kufulia. Ni yangu mimi." Nikachukua kikombe cha maji, nikamnyang'anya lile fundo na kulikamua mle ndani ili waone. Maji yakawa bluu.

Zuhura akapiga kelele, "Astaghfirullah!" na kurudi nyuma. Badala ya kuwasaidia kuona, nilikuwa nimewaonyesha muujiza.

Basi nikapata hasira. Nikamwangalia yule mzee kutoka juu hadi chini, nikaona kanzu yake. Kanzu nyeupe, pindoni ina michirizi ya bluu, imefuliwa na mtu aliyemwaga unga bila kuufunga fundo.

"Mzee," nikamwambia, "kanzu yako imetiwa dawa hii hii. Angalia pindo lako. Nani kakulisha wewe?"

Hakuangalia hata pindo. Aliwageukia wenzake kwa upole, kama daktari. "Mnamsikia? Sio yeye anayesema hapo."

Nikamgeukia mama. Nilijua mama ataniokoa, kwa sababu mama bluu anaijua. Utotoni kwetu Tandika nilikuwa namwona kila Alhamisi akifunga fundo kama lile lile, akisuuzia kanzu ya baba ya Ijumaa. Mimi fundo nilijifunza kwake, bweni nilikwenda kulitumia tu.

"Mama, si unaijua hii? Mwambie."

Mama aliliangalia fundo. Machozi yakamtoka.

"Bluu naijua," akasema. "Bluu ya mwanamume mwenye mke ndiyo siijui."

Wakuu, nimelifikiria neno hilo mpaka kichwa kinauma. Angekuwa hajui ningemsamehe siku ile ile. Lakini alijua. Mikononi mwake lilikuwa fundo la kufulia, mikononi mwangu likawa uchawi, na unga ni ule ule.

Mwanahawa alikuwa amesimama mlangoni, futi yake ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. Hakulia, hakujitetea. Mzee alipoanza kukusanya vitu akavichome, alisema jambo moja tu. "Hilo kopo nirudishieni, ndani mna sindano zangu."

Hawakumrudishia.

Vilichomwa pale pale uani, mbele ya Mama Jeni na wapangaji wote, na bluu ikitoa moshi wake. Kufika jioni Goba nzima upande wetu ilikuwa na habari. Na habari ilikuwa imeshanenepa, eti kakutwa na nguo za wanaume wengine pia.

Sasa fikirieni. Mtu ni fundi cherehani. Kazi yake ni kukaa na nguo za watu, zenye jasho la watu. Nani atamwachia gauni lake mwanamke anayetunza kola?

Wateja walikuja kuchukua vitambaa vyao, vingine vikiwa vimeshakatwa. Hawakusema kwa nini. Mmoja alisema amepata safari, mwingine mtoto anaumwa. Mama Jeni alimtuma mwanawe aje kuchukua sare, na yule mtoto akaambiwa asiingie ndani. Baada ya muda si mrefu ile cherehani ikawa imefunikwa na shuka, barazani hapakaliki.

Nilitaka tuhame. Segerea kwa dada siyo, Temeke kwa mama siyo, twende hata Mabibo, mji mkubwa huu. Lakini wakati huo mama presha ilipanda akalazwa, na pale kitandani, mbele ya ndugu wote, akanishika mkono.

"Mwanangu, kama mie ni mama yako, usishike tena beseni."

Nikaapa. Mngefanyaje nyie? Mama amelala na dripu, ndugu wamekuzunguka, unaanza kueleza habari za kutu kwenye maji?

Mwanahawa akalisikia hilo la kiapo. Kesho yake akampigia kaka yake wa Tanga aje kumchukua.

Asubuhi ya kuondoka alikuwa anafunga vitu vyake, mimi nimesimama tu kama mgeni. Nikamwambia wewe na mimi tunajua ukweli, si hilo ndilo la muhimu? Akaacha kufunga, akaniangalia. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona amekasirika.

"Nimesingiziwa nimekufanya mtumwa wangu," akasema. "Sawa. Wangesema kweli nisingeumia, ningejua nimefaidi. Hebu niambie, kanga yangu gani ulishawahi kunifulia?"

Nikafikiri.

"Hata kitambaa cha jikoni," akasema. "Ulikuwa unafua shati lako unaondoka, maji safi unamwaga, na mie naenda kuchota ya kisima nafua vyangu usiku watu wasinione na kunicheka kwamba mume anafua vyake na vyangu najifulia. Wamenivunjia kazi kwa ajili ya mapenzi ambayo sijayapata."

Kaka yake akabeba cherehani. Akaondoka.

Sijaweza kuwachukia ndugu zangu vizuri tangu siku hiyo, na hilo nalo linaniudhi. Nataka kuwachukia kwa moyo mmoja, lakini kila nikianza nakumbuka yale maji safi niliyokuwa namwaga.

Sasa niwaambie nilipo leo.

Nimerudi Tandika kwa mama, ili presha yake itulie. Mashati yangu anayachukua Zuhura kila wiki anapokuja kumwona mama. Anayafua kwake Segerea kwa moyo wote, na jiki, na maji ya kisima, na jua la mchana. Huwezi kumwambia kitu. Anasema ananisafisha na ile nuksi.

Mashati yameshakuwa ya njano, yote. Kola zina ukungu, kwapani yamekakamaa.

Mkurugenzi alivumilia. Siku moja akaniuliza kama naumwa. Nyingine akanyamaza tu, na mwezi uliofuata nikahamishiwa kwenye kirikuu ya kupeleka mizigo Mbagala na Gongo la Mboto. Huko hakuna anayejali shati. Unavaa fulana, unapiga honi.

Na mama yangu, Mungu ampe umri, yuko na furaha. Majirani wakipita akiwa barazani ananiita nisimame wanione, na hilo shati langu la rangi ya chai.

"Alhamdulillah," anawaambia. "Mwanangu kapona."

Mimi nasimama. Natabasamu. Nawaamkia.

Kwa hiyo ndugu yangu uliyeuliza kuhusu mashati meupe, jibu lako ni hili. Maji safi, usilaze jasho, suuza sana, bluu kidogo, kivuli. Litadumu. Ila ukikaa kwenye beseni na una mke, mwambie alete na vya kwake. Fua vya wote wawili, hadharani, waseme wanachosema. Watasema tu hata hivyo, na angalau mwenzio atakuwa ameponzwa na kitu alichokipata. Nilisema "si mashati yangu?" na kweli yalikuwa yangu, mimi nikabaki nayo.

Najua mtaniambia nimfuate. Nikimpigia anapokea. Anauliza hali ya mama, anauliza kama dawa za presha anakunywa, kisha anasema ana mteja. Kaka yake ameshaidai talaka mara kadhaa. Sijaiandika.

Karibuni mseme, hata matusi nitasoma. Anayetaka kuniambia limbwata lipo kweli aniambie pia, sitamjibu vibaya, nimechoka kubishana na hilo. Ila kama kuna mtu wa Tanga humu nina swali moja kwake.

Siku aliyoondoka, Mwanahawa alisahau kanga moja kwenye ile kamba ya Goba. Niliikuta imepigwa na mvua na vumbi, nikaipeleka kazini nikaificha, na nilipohamishwa nikahama nayo chini ya kiti cha kirikuu. Wiki iliyopita nikaifua. Kiapo nimekivunja, mama hajui. Nilifulia nyuma ya yadi kwa maji ya bomba, nikaisuuza mpaka maji yakawa meupe, nikaianika kivulini, nikaikunja.

Haijachuja hata kidogo.

Nauliza, mwanamke wa kwenu ukimpelekea kanga moja iliyofuliwa, baada ya yote hayo, ataipokea?